Jinsi ya Kutengeneza Kava la Wimbo Linalomfanya Mtu Abonyeze

"Kaka, ngoma iko tayari, niweke picha gani?" Ujumbe wa namna hii huniingia karibu kila wiki, mara nyingi usiku, na mara nyingi wimbo wenyewe unatakiwa kutoka kesho yake. Nimejibu mpaka vidole vimechoka. Naandika hapa mara moja, ili mwingine akiuliza nimpe hii asome kwanza, ndipo tuongee bei.

Nianze na kijana mmoja aliyekuja ofisini na kava alilojitengenezea. Alikuwepo yeye mara mbili, mara moja mkubwa mwenye miwani ya jua, mara ya pili nyuma ya moshi. Kulikuwa na gari jeupe la kifahari, simba anayenguruma, noti za dola zinazodondoka, maghorofa ya usiku, jina lake kwa herufi za dhahabu zilizovimba, na chini namba ya simu ya meneja. Nikamwambia aupige wimbo. Gitaa moja, sauti ya chini, anamwomba mama yake msamaha kwa kuondoka nyumbani bila kuaga. Nikamuuliza simba ni wa nini. Akacheka mwenyewe.

Tutaenda naye hatua kwa hatua, maana kava lake la pili ndilo ninaloonyesha watu hadi leo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Wimbo uliokamilika. Biti peke yake haitoshi, kwa sababu picha inatoka kwenye maneno na sauti.
- Simu yenye kamera inayoeleweka. Usikodi kamera ya bei mbaya kwa kava la kwanza.
- Mwanga wa bure: dirisha kubwa, au nje kuanzia saa 11 jioni jua likishalegea.
- Karatasi mbili za manila nyeupe za kurudisha mwanga usoni.
- Programu moja ya kusanifu unayoijua. Photoshop kama una kompyuta, Canva au PixelLab kama una simu tu. Kazi nzuri zimetoka kwenye zote.
- Fonti mbili ambazo leseni yake inaruhusu biashara.
- Ruhusa ya kila picha usiyopiga mwenyewe. Picha uliyoikuta mtandaoni ina mwenyewe, hata kama haina jina. Ukibishana nami kabishane na watu wa hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania, au KECOBO kama uko Kenya.
- Mtu mmoja asiyekuogopa. Utamhitaji hatua ya 7.

Hatua

1. Sikiliza wimbo mara tatu, kisha andika sentensi moja inayopigika picha.

"Mapenzi yanauma" haipigiki picha. "Mtu amesimama mlangoni kwao anaogopa kubisha hodi" inapigika. Yule kijana ilimchukua nusu saa kuifikia hiyo ya pili, na nusu saa hiyo ndiyo ilimwokolea pesa za gari la kukodi.

Sentensi ikishapatikana, ibandike juu ya meza. Kila kitu utakachotaka kuongeza baadaye kitaulizwa: kimo kwenye sentensi au hakimo? Simba hakuwemo.

2. Ijue sare ya muziki wako, kisha ushone shingo yako.

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Umewahi kwenda harusini ukakuta akina mama wote wamevaa kitenge kimoja. Kwa mbali unajua hawa ni upande wa bibi harusi, hata kama humjui mmoja wao kwa jina. Halafu macho yako yanatua kwa mmoja, kwa sababu ameshona shingo tofauti. Makava yanafanya kazi hivyo hivyo. Taarab ina gauni la kumetameta, dhahabu shingoni na kiti cha enzi. Injili ina mawingu, miale ya mwanga na mikono iliyoinuliwa. Kaswida ina kijani, kuba la msikiti na kanzu nyeupe. Bongo Fleva ya mapenzi ina wawili waliogusana vipaji vya uso. Msikilizaji anaisoma sare kabla hajasoma jina, na kwa sekunde hiyo moja ameshaamua kama muziki huu ni wa watu kama yeye.

Fungua programu unayosikilizia muziki, tafuta wasanii 20 ambao ungependa mashabiki wao wawe wako, uyapige makava yao picha ya skrini. Yapange pamoja. Andika yanachofanana: rangi, nguo, umbali wa kamera, aina ya herufi. Hiyo ndiyo sare. Sasa chagua kitu kimoja tu cha kukivunja. Ukivunja vyote, hakuna atakayejua wewe ni upande gani wa harusi. Usipovunja hata kimoja, umepotea katikati ya vitenge.

Mfano wa aliyeijua sare ni Michael Jackson na Thriller, mwaka 1982. Wimbo uliobeba jina la albamu ni wa mazimwi na makaburi, lakini juu ya kava hakuna kaburi hata moja. Kuna kijana amejilaza kwa raha ndani ya suti nyeupe, mwanga laini, uso umetulia. Inasimuliwa kwamba nguo zilizoletwa studio hazikumpendeza, akaipenda suti aliyokuwa ameivaa mpiga picha mwenyewe, Dick Zimmerman, na ndiyo hiyo tunayoiona. Albamu ile ilikuwa na nyimbo za kucheza, za roki na za taratibu. Kava la mazimwi lingemvutia mpenda mazimwi. Hili liliweza kukaa sebuleni kwa mtu yeyote bila bibi kulifunika.

Aliyevunja ni mwimbaji wa Uingereza, Charli XCX, mwaka 2024 na albamu ya Brat. Sare ya wanawake wa pop ni sura yao, imepambwa, imeng'arishwa. Yeye akaweka kijani kikali cha ndimu na neno moja la herufi nne, dogo, lenye ukungu kama limevutwa kwa nguvu. Watu wakalikejeli, kisha wakaanza kuandika maneno yao wenyewe juu ya kijani kile, maana kila mwenye simu aliweza. Mwaka huo huo kamusi ya Collins ikalichagua neno hilo kuwa neno la mwaka. Kava ambalo shabiki anaweza kuliiga linatembea lenyewe.

*Onyo:* Usikimbilie kufuta jina lako ukidhani ndiyo ujanja. Albamu ya Abbey Road ya Beatles, 1969, haina jina la bendi mbele. Albamu ya Beyoncé ya mwaka 2013 ina jina tu juu ya weusi, hakuna sura. Hao walikuwa wameshajulikana mpaka kwa muuza mkaa. Wewe bado, ndugu yangu. Andika jina.

3. Chagua mhusika mmoja: uso, kitu, mchoro au maneno.

Uso ndio rahisi zaidi kumkamata mtu, maana jicho la binadamu hutafuta jicho. Ila amua macho yanaangalia wapi. Yakiangalia kamera, msanii anaongea na wewe. Yakifumbwa au yakiangalia pembeni, wewe ndiye unayemchungulia. Tazama mwimbaji Adele: kwenye albamu yake iitwayo 21 amefumba macho, kama umemkuta na uchungu wake. Kwenye ile iitwayo 25 anakukazia macho, na ni albamu inayoanza kwa mtu kupiga simu na kusalimia. Mwanamke yule yule, ukaribu ule ule, mazungumzo mawili tofauti.

Kitu kinafaa pale ambapo wimbo una hadithi. Mchoro unafaa pale ambapo unataka kusema mengi bila kamera kubeba lawama. Mchoraji Lemi Ghariokwu wa Nigeria alimchorea mwanamuziki Fela Kuti makava zaidi ya 20, na mengine ni kama gazeti la katuni za siasa. Unalishika, unasikiliza upande mzima wa santuri huku bado unasoma picha.

Kijana wetu alichagua kitu. Ndala zake, kwenye kizingiti cha mlango wa mbao, upande wa vidole ukielekea nje.

4. Piga picha, nyingi kuliko unavyodhani.

Futa kioo cha kamera kwanza. Nasema kweli. Nusu ya "ukungu wa kisanii" ninaoletewa ni mafuta ya chipsi.

Msimamishe msanii ubavuni mwa dirisha, si mbele yake wala nyuma yake, na umweke hatua mbili mbele ya ukuta ili kivuli kisimgande mgongoni. Manila nyeupe upande usio na mwanga. Usivute picha kwa vidole, sogea kwa miguu. Acha nafasi juu ya kichwa na pembeni, utaihitaji kwa herufi, na kumbuka kava ni mraba.

Ngozi nyeusi inaonewa sana na simu. Simu ikiona weusi mwingi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na msanii anatoka wa kijivu kama amepakwa majivu. Gusa uso wake kwenye skrini, kisha shusha mwanga kidogo kwa kidole. Mng'ao wa ngozi usiuue wote kwa poda, acha ule wa shavuni na kwenye mfupa wa pua, ndio unaofanya sura iwe na umbo. Akivaa kanzu au gauni jeupe, shusha mwanga zaidi, la sivyo utapata kichwa kinachoelea juu ya doa jeupe.

Hali ya kamera inayotia ukungu nyuma ya mtu iache. Inakata hereni, inakula nywele, halafu unalala saa nane usiku unarekebisha masikio.

Kava la Abbey Road lilipigwa tarehe 8 Agosti 1969. Mpiga picha Iain Macmillan alipanda ngazi katikati ya barabara, polisi akazuia magari, alikuwa na kama dakika 10, akapiga picha sita. Ilichaguliwa ya tano. Huyo ni bingwa mwenye polisi. Wewe piga 50.

*Onyo:* Kama kuna mtoto kwenye picha, mzazi akubali kwa maandishi, na mtoto awe amevaa. Kama kuna mwanamke, awe anajua picha inaenda kwenye wimbo gani na maneno yake ni yapi. Nimeona dada aliyekubali "picha ya kawaida tu" akajikuta uso wa wimbo wa matusi.

5. Hamisha picha bila kuiua.

Usitume kwa WhatsApp kama picha. Inabanwa, inapoteza maelezo, na huko mbele utalaumu programu. Itume kama dokumenti, au tumia waya.

Fungua ukurasa wa pikseli 3000 kwa 3000, rangi za RGB, yaani rangi za skrini. Mimi nilitoka kwenye kazi ya kadi za harusi, ambako kila kitu ni CMYK kwa ajili ya mashine ya kuchapa, na kava langu la kwanza la wimbo nililisanifu hivyo hivyo. Lilipotoka hewani, nyekundu ya gauni ilikuwa kama tofali lililonyeshewa. Msanii hakusema kitu. Alinunua kadi za harusi yake kwa mtu mwingine.

6. Lipange kama kanga.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo linazunguka, mji unabeba picha, jina linasema. Bibi zetu walishamaliza somo hili bila kompyuta.

Pindo: acha ukingo mtupu pande zote, wastani wa pikseli 200. Programu nyingine za muziki zinakata kona kuwa za mviringo.

Mji: picha yako, mhusika mmoja. Rangi mbili kuu na moja ya kuchokoza, basi. Kumbuka programu nyingi za muziki zina mandhari nyeusi. Kava jeusi likikaa hapo kingo zake zinayeyuka, linaonekana kama shimo. Ukitaka weusi, weka kitu chenye mwanga karibu na kingo. Ukiweza kushika rangi moja kwa muda mrefu, ishike. Mwanamuziki Prince aliishika zambarau tangu albamu ya Purple Rain ya 1984, na hadi leo rangi hiyo inamtaja yeye kabla hujamtaja.

Jina: la msanii na la wimbo. Fonti mbili mwisho. Herufi za dhahabu zilizovimba, zenye kivuli na mwali wa moto ziache kwa mabango ya ngumi. Jina la kanga halina mapambo na linatukana mtaa mzima, kwa sababu linasomeka.

Jina likipita juu ya picha yenye vurugu, usiongeze kivuli ili lisomeke. Hamisha jina, au hamisha picha.

7. Fanya jaribio la ukucha.

Kava la santuri lilikuwa na upana wa zaidi ya sentimita 30. Ndiyo maana albamu ya Sgt. Pepper's ya Beatles, 1967, iliyosanifiwa na Peter Blake na Jann Haworth, iliweza kujaza sura zaidi ya 50: mtu alikaa nayo mapajani akizitambua moja moja. Kava la CD likashuka hadi sentimita 12. Leo, kwenye orodha ya simu, unapewa eneo la ukucha wa kidole gumba. Ukiiweka picha ile hapo inakuwa uji wa rangi.

Kwa hiyo punguza kava lako liwe pikseli 64, libandike katikati ya ile picha ya skrini ya makava 20, kisha:

- Rudi hatua mbili nyuma. Unaliona lako bila kulitafuta?
- Ligeuze liwe la rangi nyeusi na nyeupe. Mhusika bado anaonekana, au alikuwa anabebwa na rangi?
- Mpe simu yule mtu asiyekuogopa, bila sauti. Usimuulize "ni kali?" Washkaji hujibu "kali sana mwanangu" hata kwa picha ya kitambulisho. Muulize "unadhani wimbo huu unasikikaje?"

Kava la simba lilijibiwa "huyu anatukana wenzake." La ndala lilijibiwa na mama mmoja muuza vitumbua pale nje. Alikaa nalo kidogo, akasema, "Huyu anaondoka au amerudi?" Nikamwambia kijana, tumemaliza.

8. Ondoa vya kuondoa.

Namba ya simu. Anwani za mitandao. Nembo za programu za muziki. Msimbo wa kuskani. Bei. "Sasa inapatikana." Vyote hivi vinasababisha msambazaji, yaani kampuni inayokupandishia wimbo kwenye programu za muziki, akurudishie kava. Vinakaa kwenye bango, na bango ni kazi nyingine yenye bei yake.

Na kile kibandiko cheusi na cheupe cha Kimarekani cha kuonya wazazi, vijana wanakipenda kama beji ya polisi. Kilisanifiwa rasmi mwaka 1990 ili kuwatahadharisha wazazi kuhusu lugha chafu, kikaishia kuwa tangazo la utamu kwa watoto wao. Kama wimbo wako hauna matusi na hukuusajili hivyo, usikibandike, utarudishiwa.

Hakikisha pia majina kwenye kava yanafanana herufi kwa herufi na uliyojaza kwenye fomu ya usambazaji. "Ft." ya mtu ambaye hayumo kwenye fomu inatosha kukurudisha nyuma wiki nzima.

9. Hifadhi.

JPG ya ubora wa juu, RGB, 3000 kwa 3000. Faili la kazi lenye tabaka zake (layers) lihifadhi sehemu mbili. Toa na nakala ya 1080 kwa 1920 ya stori na 1280 kwa 720 ya YouTube, ukizipanga upya. Kuuvuta mraba mpaka uwe mstatili ni kumnyonga msanii.

Mambo yakigoma

*Limetoka na ukungu.* Picha ya chanzo ilikuwa ndogo ukaivuta. Kuongeza pikseli hakurudishi kilichopotea. Tafuta faili la awali kwenye simu iliyopiga, na kama limefutwa, piga upya.

*Rangi zimegeuka.* Angalia kama ulihifadhi CMYK. Kama sivyo, angalia kava kwenye simu mbili tofauti kabla ya kulaumu chochote. Simu ya bei nafuu na ya bei kali haziwezi kukubaliana kuhusu zambarau.

*Aliyeshirikishwa anataka sura yake iwepo.* Mazungumzo haya yafanyike kabla ya hatua ya 3. Yakichelewa, nyuso mbili zinakaa vizuri zikiwa na mwanga uliotoka upande mmoja. Kumkata mtu kwenye picha ya Mombasa ukambandika kwenye picha ya Mwanza kunaonekana hata kwa asiyejua kwa nini.

*Msanii hataki sura yake ionekane.* Mgongo, mikono, kivuli ukutani, kitu chake. Wapo wanaofanya hivyo kwa dini au kwa kazi ya mchana, na mara nyingi makava yao yanatoka bora kuliko ya wengine.

*Nimetumia akili unde (AI).* Hesabu vidole. Soma kila neno lililo nyuma, kwenye vibao na fulana. Kisha jiulize kama uso ule haufanani na wa mtu maarufu, maana mashine haimjui mtu lakini yule mtu ana wakili. Na kama msambazaji ameuliza picha imetengenezwaje, jibu ukweli.

*Kava zuri, wimbo hausikilizwi.* Tazama takwimu zako. Kama watu wanabonyeza halafu wanatoka kabla ya kiitikio, kava limeshafanya kazi yake, rudi studio. Kama hawabonyezi kabisa, rudi hatua ya 2.

*Meneja anataka simba arudi.* Mtengenezee kava la simba. Yaweke yote mawili kwenye ile picha ya skrini, yakiwa ukubwa wa ukucha, mpe simu, halafu nenda kanunue maji.